Taa za Tela Nyuma ya Motakaa

Apitaye usiku njia kuu ya kutoka Nangurukuru kwenda Lindi huweza kukuta motakaa ikivuta tela. Tela likishehenezwa korosho, ufuta au chumvi, huzificha taa za nyuma za motakaa. Basi ikiwa tela lenyewe halina taa, yule ajaye nyuma haoni kitu ila giza. Motakaa iendayo kilometa 80 kwa saa hukata yapata mita 22 kila sekunde. Kabla dereva hajatambua kilicho mbele yake, amekwisha kifikia. Kwa hiyo yafaa tujue jinsi umeme upelekwavyo katika tela.

Soketi iliyoenea sana kwa motakaa za volti 12 ina matundu 7, na kila tundu lina namba na kazi yake. Tundu la 1, waya wa manjano, ni la taa ionyeshayo kwenda kushoto. La 2, buluu, ni la taa ya ukungu. La 3, mweupe, ndilo ardhi, yaani njia ya umeme kurudi betrini. La 4, kijani, ni la kuonyesha kwenda kulia. La 5, kahawia, ni la taa ya nyuma ya kulia. La 6, mwekundu, ni la taa za breki. La 7, mweusi, ni la taa ya nyuma ya kushoto. Malori makubwa mengi hutumia volti 24, na taa za volti 12 zikitiwa humo huungua.

Kabla ya kazi, fungua waya wa hasi wa betri. Kisha tafuta waya wa kila taa nyuma ya motakaa, ukaunge wake wa soketi kwa risasi ya kulehemu au kwa kibano madhubuti. Kusokota nyaya kwa vidole na kuzifunga utepe hakutoshi, maana mtikisiko wa njia huzilegeza. Mahali waya upitapo katika tundu la bati, tia mpira usije ukakatwa. Taa ya breki ya wati 21 hula ampea 1.75, nazo mbili hula 3.5; waya mwembamba mno hupata moto, na ganda lake huyeyuka. Kila njia mpya na iwe na fyuzi yake. Motakaa za siku hizi zenye kompyuta hutaka kifaa maalum cha kati, kwa kuwa kompyuta huzipima taa zake.

Sasa tuuangalie waya mweupe, maana ndio usahauliwao. Usiutegemee mpira wa chuma wa kuvutia tela uwe njia ya kurudi, kwa sababu una grisi na kutu. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, ndipo ukaze waya kwa skrubu. Ardhi ikiwa mbovu, umeme hutafuta njia ya kurudi kwa kupitia taa nyingine. Ndipo uonapo taa ya nyuma ikififia na kupepesa kila uonyeshapo upande. Watu hubadili taa bure, na ugonjwa hauko katika taa.

Pwani yetu, toka Kilwa Masoko hata Lindi, upepo una chumvi, nayo chumvi huigeuza shaba kuwa na kutu ya kijani. Tela liingialo majini kupokea mashua hudhurika zaidi. Basi paka matundu grisi ya umeme, funga kifuniko, na baada ya maji ya bahari osha kwa maji matamu. Waya wa tela uachiwe ulegevu wa kupinda kona, lakini usiburute chini.

Mwisho, kila safari mtu mmoja akae kwenye usukani, mwingine asimame nyuma ya tela, wajaribu taa moja moja. Kazi hiyo ni ya dakika 2 tu, nayo huokoa roho za watu.