Niweke Kwenye Ile Nzuri

Mzee wa ngiri alikuwa keshakubali. Fomu ya ridhaa amesomewa, nauli ameulizia, damu ameulizia (haitolewi, tunalinganisha bandeji tu), kalamu iko mkononi. Kabla haijagusa karatasi akaniinamia sikioni. "Dokta, mimi sina neno. Ila niweke kwenye ile nzuri." Mpwa wake aliyesimama nyuma akanipenyezea noti ya elfu kumi iliyokunjwa mara nne. "Ya soda, dokta."

Nimesajili wagonjwa kwenye majaribio ya huduma za baada ya upasuaji kwa muda wa kutosha kusema hivi: swali la mumiani, kwamba tunauza damu za watu, limepungua sana. Hili la "ile nzuri" ndilo linalozidi, na wanaoliuliza si watu wasiosoma. Ni walimu, ni watu wa benki. Mwezi uliopita kaniuliza mfamasia. Mfamasia!

Haya, tuelewane. Ingekuwa naijua ile nzuri, ningekupa bila fomu wala kalamu. Kamati ya maadili hairuhusu nusu ya wagonjwa wanyimwe kitu kinachojulikana kuwa bora. Jaribio hufanyika kwa sababu hakuna ajuaye: si mimi, si profesa, si kampuni iliyotengeneza bandeji, ingawa hiyo ya mwisho itakuapia kwamba inajua.

Watu wamejijaza imani kwamba kipya ndicho bora. Kina paketi inayong'aa, jina refu na bei kubwa, basi lazima kiwe dawa. Chukua nyuzi za kushonea zilizopakwa triklosani, kiua vijidudu. Kwa akili ya kawaida zinashinda nyuzi tupu. Nani atake uzi usio na dawa? Jaribio la FALCON likazipima, pamoja na klorheksidini yenye spiriti dhidi ya ayodini yetu ya kahawia ya siku zote, kwa wagonjwa 5,788 katika hospitali 54 za nchi 7, Rwanda ikiwemo. Matokeo yalitoka 2021. Usaha haukujali. Nyuzi za dawa hazikushinda nyuzi tupu, na klorheksidini haikuishinda ayodini. Waliomwomba Mungu waangukie "kundi zuri" waliomba bure.

Mfano wa pili unaniuma zaidi, maana hata mimi ningeweka dau. Utafiti wa ASOS uliochapishwa 2018, katika nchi 25 za Afrika, ulionyesha kwamba mgonjwa wetu hufariki baada ya upasuaji mara mbili ya wastani wa dunia, na walio wengi mno hawafii mezani. Wanafia wodini, siku zinazofuata. Dawa yake si inajionyesha? Wagonjwa walio hatarini wasogezwe karibu na meza ya nesi, wapimwe mara nyingi zaidi, ndugu waruhusiwe kukaa nao. Nani apinge? Wakajaribu: ASOS-2, hospitali 332, wagonjwa 28,892. Katika makundi yote mawili waliofariki hospitalini walikuwa asilimia 1.3. Ile ile. Bila jaribio tungekuwa tunazipangua wodi zetu mpaka leo na kupongezana.

Na kilichofanya kazi kilikuwa nini? Glavu. Kabla ya kushona tumbo, timu ibadilishe glavu na ichukue vifaa vingine visafi. Basi. ChEETAh, 2022, wagonjwa 13,301, Rwanda tena imo: maambukizi ya kidonda yalishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Kitu kisichong'aa, ambacho hakuna mpwa angekitolea elfu kumi. Hata angetoa isingemsaidia, maana humo hospitali nzima ndiyo iliyopangiwa kundi kwa kura, si mgonjwa mmoja mmoja.

Na hiyo kura ndiyo inayowaudhi wagonjwa. "Maisha yangu mnayachezea bahati nasibu?" Sasa fikiri ningekubali ile noti. Wenye kujuana na wenye noti wote wangeishia kwenye bandeji mpya. Hao ndio wenye mayai na maharage mezani, maji safi bombani, na mtu wa kuwafulia shuka. Vidonda vyao vingepona upesi hata ningevifunga kwa khanga. Bandeji ingesifiwa, wizara ingeinunua kwa mamilioni, na kumbe aliyeponya ni yai.

Nafasi imekwisha, kwa hiyo ya kufanya ni haya, haraka. Uliza kibali: kwa Tanzania Bara ni cha taasisi ya utafiti, NIMR, na kama ni dawa au kifaa tiba, cha mamlaka yake, TMDA, pia; kwa Kenya ni cha kamati ya maadili inayotambuliwa na tume ya sayansi, NACOSTI, na kama ni dawa, cha Bodi ya Famasi na Sumu pia. Majaribio mengi ya Afrika husajiliwa kwenye daftari la PACTR, na mtu yeyote anaweza kuyatafuta mtandaoni bure. Ukiombwa kulipa ili uingie, ondoka. Usisaini ukiwa na maumivu makali au umeshachomwa ya usingizi. Asiyesoma asomewe mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, ndipo aweke dole gumba. Nakala ya fomu, kwa Kiswahili, ni yako. Uliza nani atagharamia ukidhurika. Unaweza kujitoa siku yoyote, na matibabu yako yako pale pale. Njoo siku ya 30 hata kama umepona, hasa kama umepona, kwani asiyerudi hatujui tumwandike wapi. Na kama nyumbani ulifungua kapsuli ukamwagia unga kidondani, niambie. Nitakasirika, lakini niambie.

Yule mzee, bahasha yake ya kura ilifunguliwa ikatoka bandeji ya kawaida. Mpwa akachukua noti yake akanuna. Siku ya 30 mzee akaja peke yake, kovu limefunga vizuri, akajifunika shati, halafu akaniambia upande wa kushoto nako kumeanza kutuna. Akitengenezwa huko, je, safari hii atapata ile nzuri?