Miti ya makazi na afya ya familia: Somo kutoka Mlali na Kongwa

KATIKA nyanda za kati za nchi yetu mvua huja kwa msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha hufuata miezi saba au minane ya jua na upepo. Mkazi wa Mlali, wilayani Kongwa, hahitaji kuelezwa maana ya miezi hiyo. Upepo huinua vumbi kutoka barabarani na viwanjani, likaingia ndani ya nyumba, likaingia katika vyakula na katika macho ya watoto. Wataalamu wa afya katika miji mikubwa ya dunia wamekuwa wakijiuliza kwa miongo kadhaa iwapo miti na bustani zilizomo mijini zina athari yoyote kwa afya ya binadamu. Swali hilo lina uzito zaidi huku kwetu kuliko huko lilikoanzia.

Huenda msomaji akasema kwamba Mlali si mji, na kwamba mambo ya bustani ni ya watu wa mijini. Lakini na tutazame kasi ya mambo. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini; sensa ya mwaka 2022 ikawakuta 765,179. Kibaigwa, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Kongwa, imekua kwa sababu ya soko lake la mahindi. Kijiji cha leo ndicho mji wa kesho, na kila mahali viwanja vinapopimwa, miti iliyobaki huwa ya kwanza kuondolewa. Mgunga uliochukua miaka 40 kukua huangushwa asubuhi moja ili kupisha matofali, na wenye nyumba huanza kutafuta kivuli wakati umekwisha kupita.

Ni nini basi kinachojulikana kwa hakika? Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa majalada ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, kati ya mwaka 1972 na 1981. Wagonjwa walikuwa 46. Nusu yao walilazwa katika vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti, na nusu walitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walikaa hospitalini kwa wastani wa siku zipatazo 8, na wenzao karibu siku 9. Tena wale wa kwanza walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Ni uchunguzi mdogo, lakini ulifungua mlango.

Tatizo la utafiti wa namna hii ni moja, na inafaa lisemwe wazi. Mara nyingi wenye mali ndio wanaokaa kwenye mitaa yenye miti. Mtu akiona kwamba wakazi wa huko wana afya njema, atajuaje kama ni miti ndiyo iliyowapa afya hiyo, au ni chakula bora, kazi nyepesi na daktari aliye karibu? Kwa hiyo tafiti zenye nguvu ni zile ambazo miti iliondoka au iliingia bila kujali nani ni tajiri.

Moja ya hizo ilitokana na msiba. Mwaka 2002 iligunduliwa karibu na jiji la Detroit kwamba mdudu mdogo wa kijani kutoka Asia alikuwa akiiua miti ya aina ya ash. Miti ipatayo milioni 100 ikafa, katika mitaa ya matajiri na ya maskini. Geoffrey Donovan na wenzake walilinganisha kumbukumbu za vifo katika majimbo 15, na mwaka 2013 wakaeleza kwamba kuenea kwa mdudu huyo kuliambatana na ongezeko la vifo zaidi ya 15,000 vya maradhi ya moyo na mishipa, na zaidi ya 6,000 vya maradhi ya njia ya hewa.

Nyingine ilifanyika Philadelphia, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018. Viwanja vitupu 541 vilivyojaa takataka viligawanywa kwa kura katika mafungu matatu: vingine vilisafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache, vingine viliondolewa taka tu, vingine viliachwa kama vilivyokuwa. Wakazi wa jirani walihojiwa kabla na baada. Miongoni mwa walioishi karibu na viwanja vilivyopandwa, hali ya kujiona wenye huzuni nzito ilipungua kwa asilimia 41.5 ikilinganishwa na wale ambao viwanja vyao havikuguswa. Kuondoa taka pekee hakukuleta tofauti ya kutegemewa. Ndugu msomaji, hapo hapakujengwa bustani ya kifalme. Ni nyasi, miti michache na uzio mfupi wa mbao.

Njia ambazo mti hupitia kumfikia mwanadamu hazina muujiza. Kivuli huzuia jua lisichome ardhi na kuta, na maji yanayotoka kwenye majani kama mvuke hupoza hewa. Majani hunasa vumbi. Mtu hutembea zaidi penye kivuli, na watoto hucheza nje badala ya kujifungia. Wazee nao hukutana na kuzungumza, na huu upweke wa uzee ni maradhi ambayo hayamo katika daftari la zahanati.

Sasa turudi Kongwa, kwa maana wilaya hii yenyewe ina sehemu katika historia ya utafiti wa afya na mazingira. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, akiwemo Sheila West, wakishirikiana na Watanzania, walichunguza hapa ugonjwa wa trakoma, ambao wengi huuita vikope. Ni maambukizi ya macho yanayomshika mtoto tena na tena, mpaka ukope ugeuke ndani na kuikwaruza mboni kwa miaka mingi. Mwisho wake ni upofu, na wanawake hupata upofu huo zaidi ya wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaowabeba watoto wagonjwa.

Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika vijiji 6 vya wilaya hiyo. Vijiji vyote vilipewa dawa ya macho, lakini vitatu kati yao viliongezewa kampeni ya kuwaosha watoto nyuso. Watoto 1,417 wenye umri wa mwaka 1 hadi 7 walifuatiliwa kwa mwaka mzima. Katika vijiji vilivyohimizwa kuosha nyuso, uwezekano wa mtoto kuwa na trakoma kali ulikuwa pungufu kwa zaidi ya theluthi moja.

Lakini kilichowashangaza watafiti kilikuwa ndani ya ndoo. Wenyeji waliamini kwamba kumwosha mtoto uso kunahitaji maji mengi, na katika nchi ambayo mama hutembea mwendo mrefu kuyafuata, maji hayo yalionekana ni anasa. Walipoonyeshwa kwa vitendo, wakakuta kwamba lita moja hutosha nyuso nyingi. Waislamu walipaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo, kwa kuwa imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, yaani chini ya lita moja, na kikatosha uso, mikono, kichwa na miguu.

Mti hauponyi trakoma, na asidanganywe mtu. Hata hivyo, mkakati unaotumika duniani dhidi ya ugonjwa huo unataja mambo manne: upasuaji, dawa, usafi wa uso na mazingira. Neno hilo la mwisho hasa lina maana ya maji na vyoo. Kwa maoni yetu, katika ardhi kavu kama hii haliwezi kutenganishwa na miti, kwa sababu mama anayepoteza nusu ya siku akitafuta kuni porini ndiye huyo huyo anayetakiwa awe na nafasi ya kumwosha mtoto.

Kongwa pia inajua gharama ya kuivua ardhi nguo yake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapa mradi mkubwa wa karanga. Matingatinga yalifyeka vichaka bila kuuliza wenyeji kwa nini hawajalima sehemu hizo. Mvua haikutosha, udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na Januari 1951 mradi uliachwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36.

Dodoma nayo iliahidiwa sura nyingine. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulipitishwa mwaka 1973, na mpango wa mji uliokamilika mwaka 1976 ulikusudia mji wa watembea kwa miguu, wenye maeneo ya wazi na miti kati ya mitaa. Sehemu ya ahadi hiyo ilitimia na sehemu ilijengwa juu yake. Desemba 2017 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuifanya Dodoma iwe ya kijani. Miche mingi imepandwa tangu hapo, lakini ugumu wa kampeni zote za aina hii ni ule ule: siku ya kupanda huja viongozi na kamera, na mwezi wa Agosti huja mbuzi.

Hapo ndipo suala la maji linapobana. Je, ni haki kumwagilia mti wakati familia inanunua maji kwa ndoo? Jibu moja limepatikana katika mkoa huu huu. Tangu mwaka 2018 shirika la LEAD Foundation, likishirikiana na Justdiggit la Uholanzi, limekuwa likiwafundisha wananchi wa Dodoma utaratibu uitwao Kisiki Hai. Chini ya shamba au kiwanja kinachoonekana kitupu mara nyingi kuna mizizi ya miti iliyokatwa zamani, ambayo bado inaishi na huchipua kila mwaka. Mtu huchagua kisiki, huyapogoa machipukizi akibakiza mawili au matatu yaliyonyooka, hufunga kitambaa kuwa alama, kisha hukilinda dhidi ya mifugo. Mizizi iko chini tayari, kwa hiyo hakuna ndoo ya maji inayohitajika. Njia hii ilipata umaarufu kule Niger katika miaka ya 1980, chini ya Tony Rinaudo, baada ya yeye kuchoshwa na miche iliyokufa.

Mafundisho ya dini yetu hayakuliacha jambo hili. Anas bin Malik (R.A.) amepokea kwamba anachokula ndege, mtu au mnyama kutokana na mti alioupanda Muislamu huandikwa kuwa ni sadaka yake. Miti ya Haram ya Madina ilikatazwa isikatwe. Tena liko katazo ambalo halisomwi sana katika hotuba zetu, la kujisaidia njiani na katika kivuli cha watu, na aliyefanya hivyo ametajwa kuwa amejiletea laana. Kivuli, kwa hukumu hiyo, kimewekwa daraja moja na barabara: ni mali ya umma. Nadhani baadhi ya kamati zetu za misikiti, ambazo zimemwaga saruji uani mpaka ukutani, zingefaa kulitafakari hilo.

Pale msikitini kuna maji ambayo hakuna anayeyahesabu. Watu 100 wakitawadha kwa bomba lililo wazi, mamia ya lita hupotelea mtaroni kila siku ya Ijumaa. Mfereji mfupi wa kuyapeleka hadi kwenye mashina ya miarobaini miwili au mitatu ni kazi ya fundi mmoja kwa siku moja. Mwarobaini hubaki na majani karibu mwaka mzima, hata wakati wa kiangazi. Usipandwe ukiegemea ukuta, na mikaratusi isikaribishwe jirani na kisima, kwa kuwa hunywa maji mengi. Uzio wa miiba uwekwe siku hiyo hiyo ya kupanda, kabla mbuzi hawajapita.