Msitu wa Mau hauwezi kulindwa bila Waogiek

Chai ya Kericho na Bomet hushuka mnadani Mombasa kila wiki, na wako watu wetu wengi wanaoishi kwa kazi za magodauni na bandari zinazoipokea. Lakini ni wachache tunaojiuliza kwa nini chai hustawi kule. Jibu moja kubwa ni msitu wa Mau.

Msitu huo una zaidi ya hekta 400,000, na upande wake wa kusini magharibi umepakana na mashamba ya chai. Miti huvuta maji ardhini na kuyarudisha hewani kama mvuke. Hewa hupoa, ukungu hutanda na mvua hunyesha takriban mwaka mzima. Mito ya Sondu na Mara huanzia humo. Msitu ukiisha, mchai nao hukauka.

Ndani ya Mau wameishi Waogiek tangu enzi za mababu, wakiwinda, wakichimba dawa na kurina asali. Mizinga yao hutundikwa juu ya miti, na nyuki hutegemea maua ya miti hiyo hiyo. Mtu wa aina hii akiumaliza msitu amejimaliza mwenyewe.

Waliouharibu ni wengine. Mwaka 2001 serikali ilimega zaidi ya hekta 60,000 za Mau, na ardhi hiyo ikagawiwa watu, wakiwemo wenye vyeo na jamaa zao. Kisha Oktoba 2009 Idara ya Misitu ikatoa ilani ya siku 30, Waogiek nao watoke, eti msitu upate kuhifadhiwa! Aliyeulinda akahesabiwa sawa na aliyeukata.

Shirika lao la OPDP, pamoja na CEMIRIDE na Minority Rights Group, likapeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika, na kesi ikafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama iliamua kuwa hifadhi haiwezi kuwa sababu ya kuwafurusha, kwani si wao walioangamiza Mau. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya jumla ya shilingi 157,850,000, na wapewe hatimiliki ya pamoja. Hati ya namna hiyo twaweza kuifananisha na wakfu: haiwi mali ya mtu mmoja, bali hubaki kwa manufaa ya vizazi.

Hapo ndipo penye uzito. Leo kampuni za chai, mashirika ya mazingira kama Rhino Ark na vyama vya jamii vya misitu hushirikiana kuotesha miche na kulinda mipaka ya Mau. Ni kazi njema. Lakini Novemba 2023, baada ya hukumu zote mbili, nyumba za Waogiek zilibomolewa tena Sasimwani, Narok. Atapandaje mti kwa moyo mtu asiyejua kama kesho atakuwepo kuutunza? Ushirika usio na haki ya ardhi humfanya mwenyeji kuwa kibarua kwao.

Sisi wa pwani twalijua hili. Misitu ya kaya za Wamijikenda imesalia kwa sababu wazee waliilinda kwa mila, na Makavazi ya Taifa yakawaongezea nguvu ya sheria, hata UNESCO ikaitambua mwaka 2008. Lamu nako, wananchi wa Save Lamu walisimama bega kwa bega na watetezi wa mazingira, na Juni 2019 leseni ya mtambo wa makaa ya mawe ikafutwa, kwa kuwa wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo.

Kwa hivyo mashirika ya mazingira yanayofanya kazi Mau yana jukumu jingine zaidi ya miche: kudai kwa sauti moja na Waogiek kwamba hukumu ya Arusha itekelezwe. Serikali ikitoa hati ile, msitu utapata askari asiyelipwa mshahara wala asiyehitaji kuamrishwa.