Marashi ya kahawa: Harufu tamu kwa mama, hatari kwa mtoto

Chupa ina maji ya rangi ya asali. Ukiifungua, harufu inayotoka si ya waridi wala asumini, ni ya kahawa iliyokaangwa, vanila na sukari iliyoungua. Mama anajipulizia shingoni, anaiacha juu ya meza ya kioo na kukimbilia daladala. Nyumbani anabaki mtoto wa miaka miwili ambaye kila kinachonukia hivyo, kwake ni cha kunywa.

Marashi yenye harufu ya vyakula yalishika kasi mwaka 1992, nyumba ya mitindo ya Thierry Mugler ya Ufaransa ilipotoa Angel, yenye harufu ya sukari iliyoungua. Mwaka 2014, Yves Saint Laurent wakaleta Black Opium, inayochanganya kahawa na vanila. Wengi waliipenda, lakini bei haikushikika.

Kampuni za Falme za Kiarabu ndizo zilizoishusha harufu hiyo hadi kwenye mfuko wa mtu wa kawaida. Mfano ni Khamrah Qahwa ya Lattafa, iliyotoka mwaka 2023. Jina hilo la qahwa ndilo lililotupatia neno letu kahawa. Leo marashi ya aina hii si anasa ya matajiri tu, na wauzaji wa pafyumu za kupima nao wana michanganyiko inayofanana nayo.

Ndani ya chupa kuna nini?

Iwe ya bei ghali au nafuu, pafyumu ya kupuliza kwa kawaida ina kilevi aina ya ethano kwa asilimia 70 hadi 90. Bia huwa na karibu asilimia 5.

Mtoto mdogo ana akiba ndogo ya sukari mwilini. Ethano ikiingia, ini huzuiwa kutengeneza sukari mpya, na kiwango cha sukari kwenye damu kinaweza kushuka ghafla. Dalili ni kutapika, kuyumba, kulegea na usingizi usio wa kawaida. Hali ikiwa mbaya, mtoto hupata degedege au kupoteza fahamu. Dalili za sukari kushuka zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, hivyo mtoto anayecheza vizuri sasa hivi si uthibitisho kwamba yuko salama.

Tone moja lililolambwa kwa kawaida halina madhara makubwa. Hatari ni kunywa. Chupa nyingi za kiwandani zimezibwa kwa pampu isiyofunguka kirahisi, lakini chupa nyingi za kupima kifuniko chake huzungushwa tu. Isitoshe, mara nyingi hazina lebo, hivyo daktari atashindwa kujua mtoto amekunywa nini.

Akinywa, fanya hivi

Mfute mdomo na umwondolee chupa. Usimlazimishe kutapika, wala usimpe maji ya chumvi. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe kinywaji chenye sukari, kisha mpeleke kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe. Kama amelegea au amepoteza fahamu, usimpe kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitali.

Ikimwingia machoni, msafishe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha aonwe na mtaalamu.

Pumu, ngozi na kunyonyesha

Kwa mwenye pumu, harufu kali inaweza kuchochea kubanwa kifua. Ni vyema kujipulizia mahali penye hewa, mbali na chumba anacholala, na mbali na jiko lenye moto kwa sababu ethano hushika moto haraka.

Mtoto mchanga hahitaji marashi kwenye ngozi wala nguo zake. Ngozi yake ni laini, na viungo vya harufu ni miongoni mwa visababishi vya kawaida vya mzio wa ngozi. Pia hulitambua titi la mama yake kwa harufu, kwa hiyo mama anayenyonyesha asijipulizie kifuani wala kwenye kanga anayombebea.

Kwa mnunuzi wa Tanzania, tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Chagua chupa yenye lebo inayoonyesha mtengenezaji, viambato na tarehe.

Hakuna haja ya mama kuyaacha marashi anayoyapenda. Yakae kabatini, juu, panapofungwa, pamoja na dawa. Na mtoto akiuliza kinachonukia, asiambiwe ni pipi wala kahawa. Aambiwe ukweli: hii ni ya kujipulizia watu wazima, haiingii mdomoni.