Je, Wajua? Mguu Uliokosa Amri

Je, wajua kwamba aliyeumia uti wa mgongo, misuli ya miguu yake mara nyingi haikuguswa na ajali? Kilichokatika ni njia ya ujumbe kutoka ubongoni. Misuli ipo palepale, imekosa wa kuiamrisha. Na misuli isiyo na kazi hainusuriki: wiki chache tu, suruali inapwaya mapajani.

Tena hubadilika tabia. Nyuzi za misuli zenye subira, zile zinazokuwezesha kusimama foleni ya benki, polepole hugeuka kuwa nyuzi za kasi, nazo huchoka upesi.

Je, wajua ile mishtuko ya miguu inayomnyima mtu usingizi ina kafaida kake? Misuli inayokakamaa husinyaa kidogo kuliko ile iliyolegea kabisa. (Usimwambie hivyo saa nane usiku.)

Je, wajua mguu usiohisi chochote unaweza kuendesha baiskeli? Vibandiko vya umeme hubandikwa kwenye ngozi, kompyuta ikaamsha paja la mbele, la nyuma, kisha matako, kwa zamu. Mwaka 1982 huko Ohio, Marekani, mtafiti Jerrold Petrofsky alimwezesha mwanafunzi aliyepooza, Nan Davis, kupiga hatua kwa mbinu ya namna hiyo. Mwaka 2016, kwenye mashindano ya Cybathlon karibu na Zürich, waliopooza miguu walishindana mbio za baiskeli za mita 750 kwa miguu yao wenyewe. Misuli inayofanyishwa kazi hivyo hunenepa. Ukiacha, hunywea tena. Ila neva inayotoka kwenye uti hadi kwenye msuli lazima iwe nzima. Ikiwa hiyo ndiyo iliyokufa, umeme wa kawaida hubisha hodi bila kuitikiwa.

Je, wajua saa ya kupimia mapigo ya moyo inaweza kukudanganya? Jeraha likiwa juu, shingoni hasa, moyo haupokei amri ya kukimbia, na mara nyingi hukwama kwenye mapigo 120 au 130 hata mtu akijituma mpaka basi. Jasho nalo hukauka chini ya jeraha, kwa hiyo chupa ya maji ya kujinyunyizia ni kifaa cha mazoezi.

Kibofu kilichojaa, au mpira wa mkojo uliojikunja, unaweza kupandisha presha ghafla kwa mwenye jeraha la juu. Kichwa kikimgonga katikati ya mazoezi, mkalishe wima, legeza nguo, kagua mpira. Ni hatari ya kuua, lakini wapo wanamichezo waliojiletea hali hiyo makusudi ili wapate kasi! Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki imepiga marufuku.

Paralimpiki yenyewe imetoka wodini. Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani, alifungua kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944. Tarehe 29 Julai 1948, siku Olimpiki ilipofunguliwa London, wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha kwa upinde wakiwa kwenye viti vya magurudumu.

Kwa nini upinde? Kuuvuta hujenga mabega na mgongo wa juu. Asukumaye kiti husukuma mbele tu, kifua kinapata nguvu, nyuma kunasahaulika, bega linaanza kuuma. Huna upinde? Tyubu kuukuu ya baiskeli iliyofungwa nguzoni inatosha: shika ncha mbili, vuta viwiko vije nyuma.