Chupa ya Bakteria na Tangi Jipya la Samaki: Maelezo kwa Mfugaji wa Thika na Ruiru

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema lolote kuhusu mgeni anayefika na kukuta nyumba haina mwenyeji. Hayo ndiyo yaliyowapata samaki 14 wa dhahabu ambao mjomba wangu aliwanunua ili walipambe duka lake la kinyozi mjini Ruiru. Walitiwa katika tangi jipya siku ya Ijumaa. Kufikia Jumatano iliyofuata waliobaki hai walikuwa watatu, nao walikuwa wakitweta juu ya maji mbele ya wateja.

Makala haya yanakusudia kueleza ni kitu gani kilichokosekana katika tangi lile, na iwapo kitu hicho chaweza kweli kununuliwa kikiwa kimetiwa chupani. Ninayaandika pia kwa sababu nilikuwa na mkono katika msiba huo. Chupa ya bakteria ilikuwepo, tena ilinunuliwa kwa bei iliyozidi ya samaki wote. Maelezo yake yalikuwa kwa Kiingereza, na mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, ndimi niliyeombwa kuyafasiri.

Tuanze na samaki mwenyewe. Samaki hula, na mabaki ya protini aliyoila huyatoa kwa umbo la amonia, sehemu kubwa ikipitia mashavuni wala si katika kinyesi kama wengi wanavyodhani. Chakula kisicholiwa nacho huoza kikatoa amonia iyo hiyo. Katika mto Chania jambo hili halimdhuru samaki, kwa kuwa maji ni mengi, yanakwenda, na kila jiwe la mtoni limevikwa utelezi wenye bakteria wanaoila amonia. Tangi la lita 80 lililonunuliwa jana halina mkondo, na kioo chake ni safi kama sahani ya arusi. Amonia hukaa humo, hujilimbikiza, na kuyaunguza mashavu ya samaki mpaka ashindwe kupumua. Aghalabu mwenye tangi humwona samaki akipanda juu akadhani ana njaa, kisha akamwongezea chakula, yaani akamwongezea sumu.

Bakteria wanaohitajika ni wa makundi mawili. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huingia damuni na kuifanya iwe ya rangi ya kahawia, isiweze kubeba oksijeni. Kundi la pili huichukua nitriti hiyo na kuigeuza kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila baada ya muda. Makundi haya hayafiki kwa pamoja. La pili husubiri la kwanza litengeneze chakula chake, na kwa hiyo tangi jipya lisilosaidiwa kwa lolote huchukua majuma manne hadi sita kabla ya kufaa.

Kwa nini muda mrefu hivyo? Bakteria wa kawaida wa tumboni, akiwa katika hali nzuri, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Hawa wetu huhitaji saa nyingi, pengine siku nzima, kwa mgawanyiko mmoja tu. Hawali sukari wala nyama. Hujipatia nguvu kwa kuiunguza amonia au nitriti, nao hujijengea miili yao kutokana na hewa ya kaboni iliyomo majini. Hayo ni maisha ya kimaskini, na maskini hajengi ghorofa kwa siku moja.

Jambo hili liligunduliwa katika maji machafu, muda mrefu kabla ya tangi la sebuleni kuwa desturi. Mwaka 1877, Wafaransa Théophile Schloesing na Achille Müntz waliyapitisha maji ya taka polepole katika bomba lililojazwa mchanga na chokaa. Siku 20 zilipita amonia ikitoka vilevile ilivyoingia. Ndipo nitrati ilipoanza kuonekana. Walipoingiza mvuke wa klorofomu, kazi ilikoma. Walipouondoa mvuke huo na kumimina maji yaliyooshea udongo wa bustani, kazi ikaanza upya. Naomba msomaji asilipite jaribio hili kwa haraka. Zile siku 20 ndizo subira ambayo kila mfugaji huilalamikia hadi leo, na yale maji ya udongo ndiyo babu wa chupa inayouzwa dukani.

Mwaka 1890, Sergei Winogradsky alifaulu kuwatenga viumbe hawa kwa kuwanyima vyakula vyote vilivyozoeleka katika maabara. Vitabu vya ufugaji viliendelea kwa miaka mingi kufundisha kwamba Nitrosomonas hushughulikia amonia na Nitrobacter hushughulikia nitriti. Hatimaye mwaka 1998, Timothy Hovanec na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi ya nitriti hufanywa na bakteria wa jamii ya Nitrospira. Maana yake ni kwamba chupa iliyojazwa Nitrobacter ilikuwa imemleta fundi asiye wa kazi hiyo. Mwaka 2015 ikagunduliwa kwamba wamo Nitrospira wanaoweza kufanya hatua zote mbili peke yao. Elimu hii, basi, bado inakua.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Maelezo ya chupa yalilitaja tendo la kuliandaa tangi kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mzunguko. Nami, bila kufikiri mara mbili, nikamwambia mjomba: "Tia dawa hii, kisha hakikisha mzunguko umekamilika." Mjomba ni mtu makini. Aliiwasha pampu, akayatazama maji yakizunguka kutoka chujioni hadi upande wa pili na kurudi, akaridhika kwamba mzunguko umekamilika. Jioni hiyo hiyo akawatia samaki wote 14.

Makosa mawili yalijificha katika sentensi ile moja. Neno "mzunguko" lilimpeleka kwenye maji, ilhali mambo yanayozungumziwa ni mabadiliko ya nitrojeni yasiyoonekana kwa macho. Neno "dawa" nalo lilimfanya aamini kwamba kilichomo hufanya kazi mara tu kinapomiminwa, kama klorini inavyofanya. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilitupa msingi wa istilahi za darasani, lakini istilahi za ufugaji wa samaki wa mapambo tumeachiwa tujitafutie wenyewe. Mimi napendekeza tuseme kukomaza tangi. Tangi lililo tayari na tuliite tangi lililokomaa. Neno hili lina muda ndani yake: hakuna asiyejua kwamba ndizi haikomai jioni ya siku ilipopandwa. Na kilichomo chupani tukiite mbegu.

Je, mbegu hii huota? Jibu la haki ni kwamba hutegemea chupa. Zipo chupa zenye bakteria wa kweli wa amonia na nitriti, na zilipotunzwa vyema zimefupisha majuma sita yakawa mawili au hata moja. Zipo nyingine ambazo ndani yake mna bakteria wa jamii ya Bacillus. Hao wana uwezo wa kujifunga katika ganda gumu na kulala miaka mingi bila kudhurika, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuwauza. Husaidia kuozesha uchafu, lakini kuozesha uchafu huzalisha amonia badala ya kuimaliza. Bakteria tunaowataka sisi hawana ganda la kulalia. Chupani huishi kwa kupunguza tu kasi ya maisha yao. Jua likiwapiga hufa, wakigandishwa barafu hufa, na wakikaa mno bila chakula wala hewa hupungua hadi wakabaki wachache wasiotosha. Chupa ya mjomba ilikuwa imekaa siku tisa dirishani, ikipata jua la asubuhi. Sina njia ya kujua kama kuna aliyekuwa hai siku ilipofunguliwa.

Isitoshe, mjomba alilijaza tangi moja kwa moja kutoka mferejini. Klorini iliyomo katika maji ya mfereji imewekwa kwa makusudi ya kuwaua bakteria, nayo haibagui walionunuliwa kwa pesa. Maji hayana budi kuachwa wazi kwenye ndoo mchana na usiku huku yakipulizwa hewa, au kutiwa dawa ya kuondoa klorini, kabla chupa haijafunguliwa.

Wakazi wa Kiambu wana mfano bora kuliko wa maabara. Wapikaji wa muratina hulitumia tunda la mti wa mwegea, lililokaushwa, kuwa chachu ya pombe yao. Pombe ikiiva, tunda hutolewa, hukaushwa na kuhifadhiwa kwa upishi ujao, kwa kuwa hamira hai imejificha katika nyuzi zake. Anayeanza bila tunda huliazima kwa jirani. Sifongo la chujio la tangi lililokomaa ni tunda la muratina kwa kila hali, ila hili halikaushwi: bakteria wake hufa wakikauka. Bakteria wengi wa tangi hukaa wamejishika sifongoni, kwenye changarawe na kwenye kioo. Majini kwenyewe wamo wachache. Kwa hiyo kuazima maji machafu ya rafiki, kama wengine wanavyofanya, hakuna faida kubwa.

Liko pia suala la mahali, ambalo maelezo ya chupa zilizotengenezwa ng'ambo hayaligusi. Maji ya mito inayoshuka kutoka upande wa Nyandarua ni mepesi, yenye madini machache. Bakteria wanapoila amonia huyatia maji uchachu, na kila gramu ya nitrojeni inayogeuzwa hutumia takriban gramu saba za kinga ya kichokaa iliyomo majini. Maji mepesi huishiwa na kinga hiyo upesi, kipimo cha pH hushuka, na kikikaribia 6 bakteria huzembea sana. Mfugaji hudhani chupa ilikuwa ya udanganyifu, kumbe maji yamechacha. Makombe machache ya baharini ndani ya chujio huponya jambo hili.

Anayetumia kisima kirefu hukutana na hali ya kinyume, kwani maji mengi ya visima vya ukanda huu wa volkeno yana magadi. Hapo bakteria hustawi, lakini sumu nayo hukua. Katika nyuzi joto 25, maji yenye pH ya 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika umbo lile la kuua. pH ikifika 8 ni asilimia 5 hivi, na ikifika 9 ni zaidi ya theluthi moja. Majirani wawili wenye kiasi kimoja cha amonia, mmoja wa mfereji na mmoja wa kisima, wanaweza kuamkia habari tofauti kabisa.

Kuhusu baridi nitasema machache. Miji hii iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Usiku wa Julai tangi lisilo na kipasha joto hushuka chini ya nyuzi 20, na ukuaji wa bakteria hupungua. Hewa ya huku juu pia ni nyepesi, na bakteria hawa hula oksijeni nyingi, kwa hiyo pampu ya hewa si pambo. Stima ikipotea kwa saa nyingi, sifongo litolewe kwenye chujio lililofungwa liachwe kuelea tangini, lisije likakosa hewa.

Mara ya pili tulifanya hivi. Wale samaki watatu walihamishiwa kwa rafiki yangu mmoja wa Thika mwenye tangi la miaka minne. Rafiki huyo alitupa nusu ya sifongo la chujio lake, nami nikalisafirisha kwa matatu hadi Ruiru ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lake, mwendo wa kilomita 20 hivi, nikijua kwamba sifongo huweza kubeba magonjwa pamoja na bakteria. Nilikuwa nimewatazama samaki wake nikawaona wazima. Mjomba alisisitiza kununua chupa nyingine, safari hii kutoka kwenye jokofu la muuzaji, na tukaimimina karibu na chujio. Tulitia chembe za chakula cha samaki kila siku ili zioze zikatoe amonia, na kila jioni tukapima kwa matone. Amonia ilipanda, ikashuka siku ya 9. Nitriti ilipanda baada yake, ikang'ang'ania. Siku ya 17 vyote viwili vilisoma sifuri. Siku ya 18 na ya 19 vilevile, ingawa chakula kilikuwa kimetiwa. Ni sifongo au ni chupa? Mjomba anasema chupa, mimi nasema sifongo, na kwa kuwa tulivitia siku moja hakuna awezaye kutuamua.

Baada ya hapo tulibadilisha nusu ya maji, wale watatu wakarudi, na baada ya majuma mawili wakaongezwa wawili. Tangi la lita 80 halikuwa kamwe la samaki wa dhahabu 14, na hilo nalo hakuna chupa iliyolisema.

Katika siku zile 19 wateja waliketi kitini wakinyolewa huku wakilitazama tangi lenye maji, changarawe na mapovu ya hewa, bila samaki hata mmoja. Waliuliza, wakacheka. Mwishowe mjomba alibandika karatasi kwenye kioo, kwa mwandiko wake mwenyewe: "Linakomaa."