Kuoshwa kwa Sitara: Matunzo ya Mwili katika Nyumba za Malezi za Meru na Embu

Katika vilima vya Nyambene, kaskazini mashariki ya mji wa Meru, umepita mfereji mkubwa wa mabomba ambao leo hunywesha watu wanaohesabiwa kwa mamia ya maelfu pamoja na mifugo yao, na wengi wakingao ndoo zao hapo hawakumbuki tena kwamba kazi ile ilianzishwa kwa ajili ya watoto waliopooza kwa maradhi ya polio, ambao wamishonari wa Consolata walikuwa wakiwalea Tuuru, mahali pakame ambapo maji ya kuwatosha watoto hao hayakupatikana. Bruda Giuseppe Argese, ambaye Wameru walimwita Mukiri, ndiye aliyepanda msituni, akachimba mlimani, akayakusanya maji na kuyateremsha kwa bomba hadi kwenye makao ya watoto. Mimi niliyekulia katika kazi ya uuguzi naistahi sana habari hiyo, kwa kuwa Bruda yule alianza pale hasa panapopasa kuanzwa, yaani na maji.

Mtu mzima asiyeweza kujizuia haja ndogo hutaka kusafishwa mara nne au tano kati ya asubuhi na usiku, na shuka zake na nguo zake vilevile hutaka maji. Hivyo nyumba ya malezi iliyoko Mbeere, katika nyanda za chini za Embu, ambako wakati wa kiangazi mitungi huletwa kwa punda, ina mtihani mkubwa kuliko ile iliyoko Runyenjes au Manyatta kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na mkaguzi anayehesabu vitanda kabla ya kuuliza habari za maji bado hajaanza kukagua.

Nyumba hizi zimeanzishwa na watu wa namna mbalimbali. Shirika la Cottolengo, ambalo chimbuko lake ni nyumba iliyofunguliwa na padre Giuseppe Cottolengo mjini Turin mwaka 1832 kwa ajili ya wagonjwa waliokosa pa kupokewa, lilifika Tuuru mwaka 1972, na huko Chaaria mabruda wake wakaendesha hospitali ambayo kando yake wamewatunza watu wenye ulemavu wa akili. Ziko pia nyumba ndogo za makanisa, na ziko zile za watu binafsi waliojitolea. Wageni wafikapo katika nyumba za namna hii, aghalabu hutazama paa na rangi ya ukuta, hupiga picha pamoja na wakaazi, huacha unga na sabuni, kisha huenda zao wakiwa wameridhika. Lakini ubora wa malezi hauonekani saa nne mchana, wakati kila mtu amekwisha kuvishwa na kukalishwa kivulini. Huonekana katika saa ya kwanza ya alfajiri, mlango ukiwa umefungwa. Na kwa kuwa nimezitaja picha, nasema bayana kwamba kumpiga picha mtu mzima aliyelazwa nusu uchi, hata kama nia ni kumtafutia msaada, ni kumvunjia sitara, na nyumba inayoruhusu jambo hilo ina kasoro kubwa, hata sakafu yake ikiwa safi namna gani.

Tumchukue mzee aliyepatwa na kiharusi, ambaye mkono wake wa kushoto umepooza. Mtunzaji mwenye ujuzi hubisha hodi hata kama mlango u wazi, humwamkia kwa jina lake la heshima, humweleza anachokusudia kufanya na kungoja aitikie, kisha hufunga dirisha, maana asubuhi za mwezi wa Julai huko Meru ni za baridi, na huyapima maji kwa kiwiko chake mwenyewe, kwani upande uliopooza huenda usihisi moto hata ngozi inapoungua. Humvua shati akianza na mkono mzima na kumalizia na uliopooza, na wakati wa kumvisha hugeuza utaratibu, mkono uliopooza ukatangulia, ili bega lisivutwe likateguka. Uso huoshwa kwanza kwa kitambaa chake, sehemu za siri huoshwa mwisho kwa kitambaa kingine, na muda wote huo pale pasipooshwa hufunikwa shuka. Mkono ule mzima hupewa kitambaa ili mzee ajioshe mwenyewe uso na kifua, japo kazi itachelewa, kwa sababu kiungo kisichotumiwa hudhoofika, na mtu anayefanyiwa kila kitu huacha upesi kujaribu hata lile aliloliweza.

Baada ya hapo huja kukausha, hasa baina ya vidole na katika mikunjo ya ngozi, na wakati huohuo macho ya mtunzaji hukagua. Uzito wa mwili unapoibana nyama baina ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama isiyopata damu kwa saa chache huanza kufa. Hii ndiyo asili ya vidonda vya kulalia, ambavyo hupenda visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Vitabu vingi vya uuguzi vimetufundisha kutafuta wekundu, ambao katika ngozi nyeusi ni shida kuuona, kwa hiyo mtunzaji wa huku kwetu na atafute doa lililo jeusi kuliko ngozi ya kando, au mahali palipo na joto, pagumu au panapouma paguswapo. Akiliona, asipasugue, kwani kusugua huzidi kuharibu. Ampunguzie mgonjwa uzito mahali hapo na kumgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku.

Katika chakula, githeri ya mahindi na maharagwe ni neema kwa mwenye meno, ila kwa mwenye kiharusi au mtindio wa ubongo punje moja ya mahindi yaweza kupotea njia ikaingia katika pumzi, ilhali mukimo uliopondwa vizuri au uji mzito wa wimbi huteremka salama, maadamu mlaji ameketi wima, amengojewa ameze kabla ya kijiko kingine, na hakulazwa mara tu baada ya kula. Kinywa nacho kisafishwe kila siku, kwa kuwa uchafu wake ukishuka mapafuni huzua nimonia.

Ziko nyumba ambazo hufua nguo zote kwa pamoja na kumgawia kila mtu itakayomwenea, na ziko ambazo mwanamke huoshwa na mwanamume kwa kisingizio cha uhaba wa watu. Mambo haya mawili siyapi udhuru. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yawapa wazee haki ya kuishi kwa hadhi na heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na Serikali, na Kenya iliuridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao wasema kwamba watu hao wana haki ya kuchagua waishi wapi na nani. Mkakati wa taifa wa kurekebisha malezi ya watoto, wa miaka 2022 hadi 2032, umekusudia kuwarudisha watoto katika familia, nami nauunga mkono. Lakini wale waliolelewa katika nyumba hizi tangu utoto na sasa wana mvi, ambao jamaa zao wamekwisha kufa au hawajulikani, wataendelea kuoshwa na watu wasio wa ukoo wao.

Fedha ya Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwasaidia wahitaji, ambayo ni shilingi 2,000 kwa mwezi, haitoshi hata nepi za mtu mzima, sembuse ujira wa mtunzaji. Mara nyingi mtunzaji huyo ni msichana aliyeajiriwa kwa mshahara mdogo, asiyefundishwa hata namna ya kumwinua mtu bila kujiumiza mgongo, naye huachwa peke yake usiku pamoja na wakaazi wengi. Mmoja hawezi kumgeuza mtu mzito, seuze kumi. Kaunti za Meru na Embu, ambazo tangu mwaka 2013 ndizo zinazosimamia huduma za afya mashinani, zingeanza na jambo dogo linalopimika: kila nyumba iwe na watunzaji wawili usiku, wafundishwe na wauguzi wa hospitali iliyo karibu, na daftari la kugeuza wagonjwa litiwe sahihi kila saa mbili, kisha mkaguzi afike bila taarifa saa tisa za usiku na kulisoma.